Maganda Aliyoyaosha Thani bin Saud

Assalamu alaykum. Ndugu, majirani na marafiki mliojaa katika sabla hii, baraza yetu ya wageni, tangu juzi, familia inakushukuruni kwa kuja, na kwa niaba yake amesimama Majid, mtoto wa dada wa marehemu, kukusomeeni maisha ya mjomba wake kama mwenyewe alivyotaka yasomwe, si kama familia ingependa, na tofauti baina ya mawili hayo mtaisikia.

Marehemu Thani bin Saud bin Muatasim alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, Wete, Pemba, mtoto wa tatu wa Saud bin Muatasim, aliyekuwa akinunua na kuuza karafuu, na Bi Bakhita binti Safwan, ambaye nyumba yake ilijulikana mtaa mzima kwa masinia ya shaba, kwani kila Ijumaa asubuhi aliwaweka watoto uani na ukwaju na jivu, na asiyesugua sinia mpaka akayaona meno yake ndani yake hakupewa chai. Alisoma Kurani chuoni, kisha akaingia skuli ya msingi hapo hapo Wete mwaka 1965 hadi 1972, akawa hodari wa hesabu na mvivu wa kuandika, na tarehe 9 Agosti 1975 aliwasili Maskati pamoja na wazazi wake.

Tarehe 1 Februari 1977 aliajiriwa kuwa karani wa bohari serikalini, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2013, lakini wengi wenu mlimjua kwa kazi yake ya pili, aliyoifungulia chumba kimoja Wadi Kabir, baina ya gereji mbili, mwaka 1988, nayo ni kuosha maganda ya risasi. Kwa vijana wasioijua kazi hii, ganda la shaba linalobaki baada ya risasi kulia halitupwi, likisafishwa vizuri hujazwa tena, na wazee wetu wenye bunduki za urithi na vibali vyake wamekuwa wakijaza maganda hayo baruti tupu ili kuziliza siku za arusi na Idi. Marehemu aliyaroweka kutwa nzima katika maji ya ukwaju, kama alivyofunzwa na mama yake, akayasuuza, akayaanika juu ya paa, kisha akayatia pamoja na pumba za mpunga katika pipa lililozungushwa na mota ya mashine kuukuu ya kufulia, na mwisho akashika ganda moja moja kwenye mwanga na kuitazama shingo yake, na lenye ufa aliliponda kwa nyundo lisije likarudi kwa mtu. Aliyekuwa akiyajaza ni rafiki yake, Hamoud bin Hisham, na wawili hao kwa miaka ishirini na kitu walikuwa chanda na pete.

Marehemu alimuoa Bi Nasriya binti Wael tarehe 12 Mei 1983, wakajaaliwa watoto wawili, Mazoon, aliyezaliwa mwaka 1985, na Wael, aliyezaliwa mwaka 1990 akapewa jina la babu yake. Alikuwa baba mpole, mwenye mzaha mwingi na sauti ndogo, na Bi Nasriya alimlalamikia miaka yote kwamba ukwaju wa nyumba hiyo haukai, kwa sababu unapikiwa risasi badala ya samaki.

Sasa tunafika pale ambapo familia ilitamani kuruka. Alkhamisi ya tarehe 21 Januari 2010 palikuwa na arusi Bustan, na baba wa bibi arusi, ambaye jina lake tunalistahi, alitaka mishipi ya risasi ya wanaume wote watakaosimama safu kuliza bunduki ing'are katika picha, si kwa mng'aro wa ukwaju, ambao hubaki na weusi kidogo, bali mng'aro wa dhahabu ya dukani. Maganda yaliletwa kwa kuchelewa, na marehemu, aliyependa kusifiwa kama tupendavyo sote, alikwenda kwa jirani wa gereji akachukua dumu la maji makali ya kusafishia vioo, yenye amonia, akayaroweka humo mpaka kesho yake. Wazee wa kazi walikuwa wameshamwambia zamani kwamba amonia na shaba havikai pamoja, kwamba inaila kwa ndani na juu halionekani jambo, na yeye mwenyewe alisisitiza neno hili lisiachwe, kwamba hakusahau, alijua. Maganda yalitoka yakimeremeta, akasifiwa, akafurahi, na Hamoud akayajaza kwa kipimo kile kile cha siku zote.

Siku ya arusi, katikati ya safu, ganda lilipasuka ndani ya bunduki ya Hamoud, moto ukamrudia usoni, na jicho lake la kulia halikuona tena. Kesho yake, katika ukumbi wa hospitali, baba wa bibi arusi alimuuliza marehemu mbele ya watu iwapo ganda lile lilikuwa na ila, na marehemu akajibu, "Mie naosha tu, kujaza kazi yake."

Hakuna neno la uongo katika jibu hilo, na ndiyo sababu lilimtafuna zaidi, kwani asubuhi ile ile, kabla ya kwenda hospitali, alikuwa ameshayabana kwa vidole maganda yaliyobaki, yakamkatikia mkononi kama biskuti, akayatupa kwenye pipa la vyuma chakavu na kunawa mikono. Watu wakalishika lao, kwamba Hamoud alijaza baruti kupita kiasi kwa kutaka sifa, kibali chake kikaondolewa, hakuitwa tena kusimama safu, akahamia Yiti kwa dada yake, na katika arusi zetu, na hata katika sabla hii, kikombe cha kahawa kikijazwa mpaka ukingoni husemwa kwamba hicho kimejazwa na Hamoud, watu wakacheka. Marehemu alikuwa akicheka nao. Kila Idi alimpelekea Hamoud halwa kwa mkono wa Wael, na kila Idi alikuwa na udhuru wa kutokwenda mwenyewe.

Mwezi wa Septemba 2023 alianza kuumwa, madaktari wakaona saratani ya ini, na mwezi wa Novemba alimwomba Mazoon amwendeshe mpaka Yiti, na huko alimweleza Hamoud yote, huku binti yake akisikia kwa mara ya kwanza na hajui macho yake ayaweke wapi. Hamoud alimmiminia chai, kisha akasema, "Nnajua, Thani. Baruti ikizidi ganda huvimba, lile lilikatika. Nlikuwa nangoja useme wewe. Mie nshakusamehe, lakini walonicheka ni watu, waambie watu."

Marehemu aliahidi kuwaambia katika arusi ya Wael, tarehe 25 Januari 2024, mbele ya wanaume wote, na Hamoud akaalikwa, akaja. Wengi wenu mliokuwapo mtakumbuka kwamba baada ya sala marehemu alisimama, ukumbi ukatulia, akawakaribisha wageni, akawashukuru kwa kuja kutoka mbali, akawaambia chakula tayari, akakaa. Lile aliloliahidi hakuligusa. Hamoud alikula, akanawa, akaondoka bila ya kuaga, na tangu siku hiyo marehemu hakumtaja bila ya kuinamisha uso.

Tarehe 11 Januari mwaka huu wa 2025 alilazwa hospitali, na alipoona hana siku nyingi alimwita Majid, akamwambia aliloshindwa kulisema kwa mdomo wake lisemwe katika historia yake, asipunguziwe wala asitafutiwe udhuru. Alifariki dunia alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Familia ilikaa na kubishana, kwa kuwa tumefunzwa kumsitiri maiti, na aibu ya mzee ni aibu ya nyumba nzima, na Wael alilia akiomba karatasi hii ichanwe. Aliyekata shauri ni Bi Nasriya, ambaye yumo ndani katika eda yake na anasikia, aliyesema, "Msimfiche. Mkimfunika yeye, mwenziwe anabaki uchi." Basi tumelisoma, na tunaona haya, na haya hiyo ni yetu na si ya Hamoud.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole mpaka dakika ya mwisho, tunawashukuru majirani wa Wadi Kabir, mafundi wa gereji waliofunga kazi wakaja kubeba jeneza, na wafanyakazi wenziwe wa zamani wa bohari ambao hawakuacha kumzuru.

Na Hamoud bin Hisham, mwaka hadi mwaka kila akija kwetu hukaa mlangoni, penye viatu, na hata sasa amekaa hapo hapo. Tunakuombeni mliokaa mbele, na baadhi yenu mlikuwapo Bustan, msogee mumpishe, na dua hatutaianza mpaka akae. Mjomba Thani, limeshasemwa, watu wamesikia. Mola akughufirie, upumzike.