Macho ya Mama Joyline Katika Hifadhi ya Rwanjeru

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Nelius Gitari anastaafu baada ya kuwaongoza watazamaji wa ndege katika Hifadhi ya Rwanjeru, Mbeere, kwa miaka thelathini na minne. Sisi wenzake humwita Mama Joyline.

Alianza kazi njia zikiwa za mbuzi tu. Yeye ndiye aliyechagua pa kupandia hadi kwenye mwamba ambako mgeni huuona Mto Tana ukipinda chini na, asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya. Kwaya moja kutoka Nchiru iliwahi kufika ikiimba tangu kwenye basi. Aliwaomba wanyamaze nusu saa. Mwalimu wao alikiri baadaye kwamba hawajawahi kufanya zoezi gumu kama lile.

Mwaka 2014 mgeni mmoja alimwuliza ni ndege gani aliyekuwa akilia juu ya mgunga. Mama Joyline akajibu kwamba kulikuwa kimya. Wageni wakatazamana, wote walikuwa wakimsikia chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua. Alimaliza matembezi, kisha akaenda moja kwa moja kwa meneja, Bw. Gikunda, bila kuitwa.

"Ndege wadogo siwasikii tena," alisema. "Nikinyamaza nitakuwa nawadanganya watu."

Wakati huo nilikuwa karani wa lango, na kiti changu langoni ndicho meneja alichompangia badala ya matembezi. Alikuja kukiona, akakaa, akautazama ukuta. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Nilimwomba meneja aniruhusu nitembee naye, nimsikilizie. Alitupa mwezi mmoja wa majaribio.

Tumetembea pamoja miaka kumi na mmoja. Niliposikia sauti, nilimgusa bega la upande ilikotoka, naye akamwona ndege kabla sijainua darubini. Kila asubuhi aliwaeleza wageni hali yake kabla ya hatua ya kwanza, na wachache waliomba mwongozaji mwingine. Siku hizo alibaki kambini akifagia.

Jumatatu nitaongoza peke yangu. Sauti nitazisikia zote. Kumwona ndege aliyejificha bado najifunza.

Asante, Mama Joyline, kwa kuutanguliza ukweli hata ulipohatarisha kazi uliyoipenda. Mungu akupe afya, nasi tunakuombea mapumziko ya amani nyumbani Runyenjes, na asubuhi nyingi zisizo na haraka.

Mutugi, mwongozaji wa wageni