Baridi Gani Hii ya Mang'ola?

Bwana asifiwe! Mnaitikia kama mmeshiba makande. Bwana asifiwe sana! Haya, hapo sawa. Mimi ni Mama Paskali wa Ganako, yule mnayesema ana maringo kwa sababu ibada ikiisha hasimami kwenye mstari wa kupeana mikono. Leo nimekuja kushuhudia, na ndugu zangu, nimekuja na hasira. Mnivumilie.

Sikuwa na maringo. Nilikuwa naiogopa mikono yenu! Vidole vyangu vilivimba, mkono wa kulia na wa kushoto. Asubuhi vimekakamaa, mpaka jua lipande ndipo vinaanza kukunjika. Ng'ombe analia, ndama analia, mimi nashindwa kubana chuchu. Mume wangu akawa anakamua yeye, na majirani wakapata cha kuongea. Mtu akinishika mkono kwa ile furaha yenu, machozi yananitoka. Basi nikawa natokea mlango wa nyuma.

Nanyi mlikuwa na jibu moja tu: baridi. Karatu ina baridi, Mama Paskali, vaa soksi, vaa glovu, usifue asubuhi. Nikitaja hospitali, wengine mnasema sina imani. Duka la dawa wakanipa vidonge vya maumivu, tumbo likaungua. Mama mkwe akanisugua mafuta ya nyonyo kwa upendo, mwishowe akasema, "Nenda Mang'ola kwa dada yako. Kule kuna joto, baridi itatoka yenyewe."

Nikaenda. Ndugu zangu, Mang'ola mnaijua! Nilikaa kwenye jua lile nimevaa glovu za sufu, wavuna vitunguu wananitazama kama kichaa. Na vidole vikazidi! Kidole hiki cha mwisho, mnakiona, kilipinda kule kule. Siku hiyo nilipaza sauti katikati ya shamba: "Bwana Yesu, baridi gani hii inayonifuata mpaka Mang'ola?"

Sikusikia sauti, wala sikuona malaika. Nilipata hasira tu, na naamini hasira ile ilitoka kwake. Nikavua glovu, nikaomba lifti kwenye lori la vitunguu, nikashukia Karatu mjini, moja kwa moja hospitali.

Daktari aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Mama, asubuhi vidole vinachukua muda gani kulegea?" Akabonyeza kila kiungo, akaagiza damu ipimwe na mikono ipigwe picha. Majibu yalipotoka akasema, "Mama, ugonjwa huu kwa Kiswahili unaitwa baridi yabisi. Lakini hauletwi na baridi. Kinga ya mwili wako imegeuka, inashambulia viungo vyako. Dawa ipo. Ungewahi, pengine hata hicho kidole kisingepinda."

Nililia kwa hasira! Jina tu, ndugu zangu! Jina tu ndilo lililonivalisha glovu Mang'ola! Na ninyi mlioniambia kwamba anayekwenda hospitali hana imani, nawauliza hapa mbele ya madhabahu: siku pampu ya maji ya kanisa ilipokufa, mliikemea au mliita fundi?

Leo natumia dawa na kurudi kupimwa damu kama nilivyoagizwa. Nimeambiwa nisiache hata nikijisikia mzima, na siachi. Uvimbe umeshuka. Ng'ombe nakamua mwenyewe. Asante Yesu! Kidole hiki hakitanyooka tena, na kila nikikitazama nakasirika upya.

Lakini kuna mtu humu ndani. Wakati wa mapambio, wote tukipiga makofi, yeye alificha mikono chini ya kitenge. Sitamtaja. Mpendwa, mtumaini Mungu, na kesho twende hospitali, nitakupeleka mimi. Na leo ibada ikiisha usiutafute mlango wa nyuma, nitakuwa nimesimama pale kwenye mstari. Njoo tusalimiane. Mimi sitakuminya.