Basi la Kumrudisha Mama Nelima Kwao

Na Hellen Mwihaki, Kitengo cha Utangamano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Brigid Nelima Wabuge anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Sisi wa Kitengo cha Utangamano hapa Eldoret tunamwita Mama Nelima. Kila mwenye nyumba aliyewahi kubandika kibao cha "Wenyeji Pekee" langoni anamjua pia, ingawa si wote wanaomkumbuka kwa tabasamu.

Alianza kazi akiwa karani wa soko, enzi za manispaa. Siku hizo vibanda vya mbele vilienda kwa waliohesabiwa kuwa wenyeji, na wenye asili ya mikoa ya Magharibi na Kati wakasukumwa nyuma, karibu na mtaro. Mama Nelima alipopewa mamlaka ya kugawa, alitangaza kwamba soko halina ukoo: aliyetangulia kuomba ndiye atakayetangulia kupata. Kelele zilipigwa, wee! Alitukanwa hadharani, naye akaendelea kugawa.

Mwaka wa 2008, mji ulipowaka moto kwa ghasia za baada ya uchaguzi, alikimbilia Kimilili kwa jamaa za baba yake. Watu walimfariji kwamba angalau sasa yuko kwao. Kwao wapi? Mama Nelima alizaliwa hapa Eldoret, na Kimilili alikuwa akienda Krismasi tu. Huko akawekewa kiti cha wageni, akachinjiwa kuku, na watoto wakawa wanamwita mgeni wa Eldoret. Husema kwamba njiani hakulia, alilia pale kwenye kile kiti. Barabara zilipofunguka tu, akarudi kazini, na nyumba yake ya mtaa wa Kapsoya, hapa mjini, hajaihama tena.

Kaunti ilipoanzisha kitengo hiki, hakuna aliyeshangaa kuona amekabidhiwa malalamiko ya makazi. Kisa tunachokipenda zaidi ni cha Nyandeng, mama kutoka Sudan Kusini aliyekuja Chepkoilel, pembeni mwa mji huu, ili wanawe wasome. Mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha alimfukuza mlangoni akisema hapangishi wageni, tena weusi namna ile. Kesho yake Mama Nelima alifika pamoja na Nyandeng, wakaketi sebuleni. Mzee alipouliza wanataka nini, akajibiwa kwa upole kwamba mgeni akiingia nyumbani kwa watu huandaliwa chai. Kama Nyandeng ni mgeni, basi chai iko wapi? Chai ikaletwa, na maandazi juu. Mama Nelima aliinywa mpaka tone la mwisho, akashukuru, kisha akaacha mezani notisi ya kusimamisha leseni ya nyumba zake zote. Leseni ilirudishwa baadaye, Nyandeng akiwa ameshahamia na kutundika mapazia. Siku hizi mzee mwenyewe humwita jirani.

Kisa hicho kikazaa kanuni ya ofisi: ukimwita mkazi wa mji huu mgeni, unawapikia wenzako wote chai. Mwaka ule wa kwanza birika halikupoa. Na ukijitia kumkumbusha methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, atakwambia hawa wanaoitwa wageni jembe walipewa zamani, wakalima, wakavuna, wakazika wazee wao hapa, na bado wanaulizwa watarudi lini kwao.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Kamati ya kumuaga, chini ya uenyekiti wa Bw. Gerishon Waweru, iliamua kumsindikiza mstaafu nyumbani kwa heshima zote. Sote tulichanga. Basi likakodishwa, turubai likatafutwa, na safari ikapangwa: Eldoret hadi Kimilili! Kitengo cha kupinga ubaguzi, jamani! Na huyo Bw. Waweru mwenyewe ni mzaliwa wa Ainabkoi, humu humu kauntini, ambaye hukasirika siku nzima akiulizwa atarudi lini Nyeri.

Mama Nelima alipoambiwa, hakucheka. Machozi yalimlengalenga, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kama miaka yote hii tulidhani Kapsoya amepiga kambi tu. Tuliona haya. Bw. Waweru aliinuka bila kuambiwa, akaenda kujaza birika.

Basi limefutwa. Ijumaa saa kumi jioni tutamsindikiza kwa miguu, tukipitia sokoni, mpaka nyumbani kwake Kapsoya. Wenye vibanda, wa mbele na wa nyuma, wameahidi kutusubiri, na Nyandeng anakuja na wanawe.

Mama Nelima, asante sana. Sheria tulikuwa nayo sote, lakini wewe ndiye uliyeibeba mlango kwa mlango mpaka ikaheshimiwa, na tunaringa kwamba tulifanya kazi nawe. Mungu akupe afya, na usingizi mtamu usiokatizwa na simu za wapangaji. Ukisikia hodi Ijumaa, ni sisi. Siku hiyo wewe ndiye mwenyeji na wageni ni sisi, na kanuni unaijua: weka chai.