Sungura wa Biskuti

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa akimmwagia abiria wa pembeni yake, mtu asiyemjua, hasira zake juu ya matangazo ya biskuti zenye zawadi ndani. "Wayapige marufuku saa ya katuni. Binti yangu hali kitu mpaka yule Sungura wa tangazo aseme."

Bwana yule akarekebisha tai. "Dada, mzazi si una mdomo? Kataa tu." Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja cheo, "Sauti ya Sungura ni yangu."

Nilidhani atazabwa kibao. Fundi akapiga simu nyumbani, akaomba apewe binti yake, kisha akamkabidhi bwana ile simu. "Basi mwambie ale maharage."

Bwana akabana pua. "Rafiki yangu, kula maharage, matamu hayo." Abiria wote wakageuka. Hata mimi niliyatamani.

Akasikiliza, uso ukamshuka, akaifunika simu kwa kiganja. "Anauliza ndani yake kuna zawadi gani."

"Si una mdomo," fundi akasema. "Mjibu."

Basi likasimama kituoni kwangu. Nilishuka nikamwacha bado kaifunika simu.