Babu Aliyewageuza Wakwe Zake Kuwa Msitu

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi mimi mjukuu historia hii niisome, mimi niliyeishia darasa la sita, na wajomba wenye digrii wamekaa mbele wananisikiliza, kwa sababu sauti ninayo na babu alikuwa mtani wangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi mwaka 1952 hadi 1959, na tarehe 3 Februari 1963 akaajiriwa idara ya upimaji kubeba fito za kupimia, akapanda hadi kuwa mchoraji wa ramani.

Mwaka 1969 alipewa safu hii ya milima aichore kutokana na picha zilizopigwa na ndege, picha moja ikawa imefunikwa na wingu, bosi anaitaka ramani Ijumaa, basi babu yangu akabuni mistari ya miinuko kichwani, akaandika juu yake "msitu", ikachapwa, akapongezwa.

Mwaka 1972 alimpenda bibi yetu huyu hapa, akapanda kwao kuposa, mkwe akatandika mezani ramani ileile aliyopewa na bwana shamba, akamwambia, haya kijana, nionyeshe nyumba yangu, babu akatafuta weee, akakuta msitu wake mwenyewe. Mzee akasema hana binti wa kumwoza mtu anayewaita wao nyani wa msituni, arudi akawaandike kwanza kwenye ramani.

Likizo zake zote mbili zilizofuata zikaishia huku juu, akapima kwa miguu kila kijito, kila kilima, kila nyumba, na aliyemshikia fito kwenye mvua ni bibi, wazee wakidhani ni kazi tu. Akakiri kosa ofisini, akashushwa cheo, ramani mpya ikatoka Julai 1974, mkwe akaikagua mchana kutwa, akaliona hadi zizi lake, na ndoa ikafungwa tarehe 21 Septemba, Mungu akawajalia watoto watano na wajukuu kumi na mmoja, mzuri kuliko wote ndiye anayewasomea.

Presha ilimwanza mwaka 2019, Mei 2023 akapata kiharusi, akafariki hospitalini tarehe 6 Juni alfajiri, bibi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wenzake wa upimaji waliobeba jeneza kupanda mlima huu. Bibi amenituma niseme kwamba, katika miaka yao yote, uongo aliomkuta nao ni ule mmoja tu, mimi ningekuwa na maswali, ila leo bibi ndiye bosi.

Haya babu, pumzika kwa amani.