Mpini Mapajani Mwangu

Kwenye basi la kutoka Lukozi, mama mmoja mpishi wa harusi aliyeketi kando yangu alikuwa akiuzungushia mpini wa kisu chake mpira wa baiskeli. Kiganja chake kilikuwa kimeshonwa nyuzi nne, na ng'ombe mzima alikuwa anamngoja Lushoto. Upande wangu wa pili, mwanamume mwenye bucha huko Kwai akashindwa kunyamaza. "Dada, huo mpira ukipata mafuta utateleza. Utajikata tena."

"Kilichonikata ni mpini wa plastiki, kaka. Mpira haujanikosea."

"Wangu ni wa mpera, nimeuchonga ukajaa kiganja."

"Mnene huo. Nyuzi zitaachia kabla sijamaliza paja moja la ng'ombe."

"Hujaushika, umejuaje?"

Kisu hakipokewi mkono kwa mkono, huleta ugomvi. Kwa hiyo mwenye bucha akatoa kisu chake, akasema, "Samahani bibi," akakilaza mapajani mwangu. Mama naye akalaza chake. Ugomvi tulikuwa nao tayari, lakini mila ni mila.

"Shika wangu kwanza, ndipo useme unateleza."

"Mwenye jeraha ni wewe. Shika wangu."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Basi likasimama stendi, abiria wakashuka, nami nimekaa wima kama bibi harusi, naogopa hata kukohoa.