Fomu ya Nne ya Shangazi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia wazee katika ofisi yetu ya bima ya afya, Shangazi wa dirisha la tatu anastaafu leo, Ijumaa, tarehe thelathini. Nimeombwa niandike ukurasa huu wa kumuaga, tena kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila moyo wangu haujatulia, na sababu mtaiona.

Alianza masjala, akibeba mafaili yaliyomzidi kimo. Mwaka wa nne akapewa dirisha, na hakulihama tena hata alipopandishwa cheo. Ofisi aliyopewa aliigeuza chumba cha kusubiria, akaingiza viti vyenye mikono ili wazee wapate pa kujishikiza wakiinuka.

Maisha yake yote kazini alieleza jambo moja. Bima ya wazee ina sehemu mbili. Ya kwanza hulipia kulazwa, nayo huja yenyewe ukifikisha umri. Ya pili hulipia matibabu ya kwenda na kurudi: kliniki, vipimo, dawa. Hiyo usipoijazia fomu, huipati ng'o. Nyuma ya kalenda kuukuu akachora kitanda na benchi. Kitanda kilifanana na mbuzi, tukamcheka mpaka machozi, lakini wazee walielewa.

Fundi seremala mmoja alikaa hospitalini siku mbili, dripu mkononi. Binti yake alikuja akiapa kwamba baba amelazwa. Shangazi akamuuliza kama daktari ameandika hivyo, au mzee yuko chini ya uangalizi tu. Wakafuatana hadi wodini, na kweli, kitandani alionekana amelazwa, kwenye karatasi alikuwa mgonjwa wa nje, wa kwenda na kurudi, kwa hiyo sehemu ya kwanza isingemlipia. Na sehemu ya pili hakuwa nayo! Shangazi alimvizia daktari mlangoni kwa saa tatu nzima, mpaka daktari akampima mzee upya na kuandika alazwe. Tangu siku hiyo, hata anayeuliza choo kiko wapi huulizwa kwanza kama ana sehemu ya pili.

Sasa nije kwenye kinachoninyima raha. Yeye mwenyewe hana.

Naam, Shangazi wetu hana! Bima yake ya utumishi inakoma leo, na anayestaafu sharti ajiandikishe kabla siku yake ya mwisho kazini haijaisha. Akikosa, asubiri mwaka mzima, na presha yake sote tunaijua, kliniki kila mwezi. Nimemwekea fomu mezani mara tatu. Ya kwanza alimpa mkunga mstaafu. Ya pili ilikwenda kwa jirani yake. Ya tatu alimjazia dereva mzee asiyeona vizuri, huku akiniambia niache papara, kwani yeye anakwenda wapi? Jamani! Anakwenda nyumbani, saa kumi jioni.

Shangazi, umetufundisha kazi, na mimi hasa umenivumilia na wasiwasi wangu. Asante sana. Tunakuombea mapumziko marefu, wajukuu wasikivu na presha iliyotulia. Keki ipo, zawadi ipo, na mkurugenzi bila shaka atakuwa ameshakohoa mara mbili akitaka kuhutubia. Asubiri. Geuza kwanza ukurasa huu. Kwenye nakala yako nimebana fomu kwa pini, nimejaza kila kitu kwa mkono wangu, imebaki sahihi yako tu. Dirisha la nne liko wazi na nimekaa mimi. Tafadhali, Shangazi, hii usimpe mtu.